Treni ya Matairi: Jinsi Montréal Ilivyochimba Handaki kwa Kipimo cha Mpira

Treni ikipata pancha inakuwaje?

Kwa aliyezoea garimoshi la reli ya kati au treni ya SGR, swali hili halina maana, maana gurudumu la chuma halitoboki. Lakini Paris, Mexico City, Santiago ya Chile na Montréal ya Kanada kuna treni za chini ya ardhi zinazotembea juu ya matairi ya mpira yaliyojazwa upepo, ndugu wa damu wa matairi ya lori. Metro ya Montréal haina laini hata moja isiyo ya matairi. Na pancha hutokea. Tairi likiisha upepo, behewa hushuka kidogo na kuketi juu ya gurudumu la chuma lililofungwa kwenye ekseli ile ile, upande wa ndani wa tairi. Gurudumu hilo huzunguka siku nzima bila kubeba kitu, likipita juu tu ya reli. Siku ya pancha ndipo linaikanyaga reli, na treni inakwenda mdogo mdogo hadi karakana.

Kwa hiyo chini ya sakafu ya behewa moja kuna treni mbili: ya mpira inayofanya kazi, na ya chuma inayongoja. Mtu ana haki ya kuuliza: kama chuma kipo, na kinaweza kubeba, mpira ni wa nini? Jibu linahitaji tuingie chini ya behewa kwanza, kisha turudi Paris ya baada ya Vita Kuu ya Pili, kisha tuvuke Atlantiki hadi mji wenye baridi kali ambao uliamua kuchimba kila kitu upya kwa ajili ya tairi.

Chini ya behewa

Tuchukue treni ninayoipenda kuliko zote za aina hii, MR-63, ambayo ilianza kazi pamoja na metro ya Montréal tarehe 14 Oktoba 1966. Herufi MR ni za maneno ya Kifaransa yanayomaanisha mabehewa na mitambo ya reli, na 63 ni mwaka wa usanifu wake. Kila behewa lina viunzi viwili vya magurudumu, mbele na nyuma. Katika kila kiunzi kuna matairi 4 makubwa yanayobeba uzito, magurudumu 4 ya chuma kando yake, na vitairi 4 vidogo vilivyolazwa ubavu, yaani vinazunguka kama sinia mezani badala ya kusimama kama gurudumu la baiskeli.

Hivyo vitairi vya ubavuni ndivyo usukani wa treni. Gari la barabarani lina dereva wa kulielekeza. Treni ya chuma inaelekezwa na ukingo wa gurudumu unaoishika reli kwa ndani. Tairi la mpira halina ukingo, na likiachwa lenyewe litakwenda kokote. Kwa hiyo kila upande wa njia umesimikwa mhimili wa chuma, na vitairi vile vinausukuma kutoka kushoto na kulia muda wote, vikiibana treni ibaki katikati kama mtu anayetembea kwenye uchochoro mwembamba akigusa kuta zote mbili kwa viganja. Mihimili hiyo hiyo inabeba umeme wa volti 750. Vipande vya kupokelea umeme vinasugua ubavu wa mhimili, umeme unaingia kwenye mota, kisha unarudi kupitia zile reli za kawaida.

Njia yenyewe, basi, ni pana na ina mambo mengi. Katikati kuna reli mbili za chuma za upana uliozoeleka duniani, milimita 1,435. Nje ya kila reli kuna barabara nyembamba ya zege, ya upana wa kama sentimita 25, ambayo tairi linapita juu yake. Nje zaidi kuna mihimili ya kuelekeza. Pale njia zinapogawanyika mihimili haiwezi kuendelea bila kukatwa, kwani ingeiziba njia ya pili. Hapo usukani unahamia kwenye magurudumu ya chuma: ukingo wao mrefu unaingia kwenye reli na kuipeleka treni kushoto au kulia, kisha mihimili inarudi na vitairi vinaendelea na kazi yao. Watu wengi wanadhani gurudumu la chuma limewekwa kwa ajili ya pancha tu. Si kweli. Bila hilo treni isingeweza kubadili njia.

Na breki? Hapa kuna jambo ambalo kila ninapolieleza watu wanadhani nimelitunga. Breki za treni za Montréal zilitengenezwa kwa mbao. Vipande vya mti wa mbetula vinalowekwa kwenye mafuta ya karanga, kisha hubanwa kwenye gurudumu la chuma treni inapotaka kusimama. Kwa hiyo gurudumu lile lisilobeba uzito lina kazi ya tatu: ndilo linaloshikwa na breki. Mbao zikipata moto hutoa harufu ya karanga za kukaanga, na harufu hiyo imekaa kwenye stesheni kwa miongo. Msomaji wetu wa kutoka Bukavu au Bujumbura anayeishi Montréal, kama amewahi kushuka ngazi za metro akajiuliza ni nani anakaanga karanga humu, ajue jibu ndilo hilo.

Treni kamili ni mabehewa 9. Ukihesabu, yanapatikana matairi 72 ya kubeba, vitairi 72 vya kuelekeza, na magurudumu 72 ya chuma. Mafundi wa karakana wanatunza vitu vyote hivyo, pale ambapo mwenzao wa treni ya kawaida anatunza seti moja tu.

Kitu ambacho mpira unaweza na chuma hakiwezi

Chuma juu ya chuma huteleza. Hiyo ndiyo sifa iliyoifanya reli kuwa njia ya bei nafuu kuliko zote za kuvuta mzigo mzito: gurudumu gumu juu ya reli ngumu halipondeki, halipotezi nguvu, linabingirika tu. Lakini wepesi huo una upande wa pili. Gurudumu lisilong'ang'ania reli haliwezi kusukuma kwa nguvu sana wala kusimama kwa ghafla sana, na likikuta mlima mkali linazunguka papo hapo.

Mpira juu ya zege unang'ang'ania mara kadhaa zaidi. Kwa hiyo treni ya matairi inaondoka stesheni kwa kasi, inasimama kwa umbali mfupi, na inapanda miinuko ambayo treni ya chuma ingeikataa. Mjini Lausanne, Uswisi, metro ya m2 iliyofunguliwa 2008 inapanda kutoka ufukweni mwa ziwa kwenye miinuko inayofika asilimia 12, yaani kila ukienda mita 100 umepanda mita 12. Ni treni ya matairi, na mji ule haukuwa na njia nyingine rahisi.

Malipo yake ni joto. Tairi linapobeba uzito hulala kidogo pale linapogusa zege, kisha huinuka, kisha hulala tena, kila mzunguko. Kule kulala na kuinuka kunakula nguvu, na nguvu ile haipotei hewani. Inageuka kuwa joto la mpira. Ndiyo sababu treni hizi zinatumia umeme zaidi, na ndiyo sababu matairi yake hujazwa naitrojeni badala ya hewa ya kawaida: naitrojeni hailishi moto.

Ukilishika jambo hili moja, kwamba mng'ang'anio unanunuliwa kwa joto, kila kitu kingine katika historia ya treni hizi kinaeleweka.

Paris inatafuta dawa ya msongamano

Michelin ni kampuni ya matairi, na ndoto yake ya kuvisha reli mpira ilianza kabla ya metro. Miaka ya 1930 ilitengeneza mabehewa mepesi yenye injini na matairi, yaliyoitwa Micheline, yakatumika Ufaransa na katika makoloni yake. Jirani yetu wa Bahari ya Hindi, Madagascar, aliyapokea, na hata baada ya huko kwingine kuyasahau, huko yaliendelea kubeba watalii.

Baada ya vita, metro ya Paris ilikuwa imechoka. Ilifunguliwa 1900, treni zake nyingi zilikuwa za kizamani, na watu walijaa. Huwezi kurefusha stesheni zote za mji mzima kwa mwaka mmoja, na huwezi kuchimba laini mpya bila fedha. Njia iliyobaki ni kupitisha treni nyingi zaidi kwa saa, na hilo linawezekana tu kama kila treni itaondoka haraka na kusimama haraka. Hapo ndipo tairi lilipoonekana kuwa dawa.

Behewa la majaribio, MP 51, liliwekwa kwenye kipande cha njia kisichofika kilomita moja, upande wa mashariki wa Paris, kati ya Porte des Lilas na Pré-Saint-Gervais. Kuanzia Aprili 1952 hadi Mei 1956 lilibeba abiria wa kweli likienda na kurudi. Lilijaribiwa pia kujiendesha bila mkono wa dereva, jambo ambalo lingekuja kuwa la kawaida baada ya nusu karne. Jaribio likafaulu, na laini ya 11, fupi, yenye kona na mwinuko mkali, ikabadilishwa: treni ya kwanza ya matairi ilianza huko Novemba 1956. Zikafuata laini ya 1 na ya 4, zilizokuwa zimefurika watu kuliko nyingine. Ukienda leo sokoni Château Rouge kutafuta mihogo na samaki wakavu kama wafanyavyo Wakongo wa Paris, treni inayokushusha hapo, ya laini ya 4, ni ya matairi. Laini ya 6 ilifuata 1974 kwa sababu nyingine: sehemu kubwa yake inapita juu ya madaraja, mbele ya madirisha ya watu, na kelele za chuma zilikuwa kero.

Kisha Paris ikaacha kubadilisha. Mafundi wa treni za chuma hawakuwa wamelala. Mwaka 1967 ilitoka MF 67, treni ya chuma yenye mota nyingi zaidi, ambayo uondokaji wake uliikaribia ile ya matairi bila kuvunja njia na kumwaga zege mtaa kwa mtaa. Faida kubwa ya tairi ilikuwa imeliwa nusu. Laini ya 14 ya 1998 ilijengwa ya matairi, lakini laini mpya za 15 hadi 18 zinazozunguka nje ya Paris ni za chuma. Mexico City, iliyoanza na matairi tarehe 4 Septemba 1969, ilitumia chuma kwenye laini ya A na ya 12. Santiago, iliyoanza 1975, ikahamia chuma ilipofungua laini ya 4 mwaka 2005.

Montréal haikuhama. Na hapo ndipo panaponivutia.

Mji uliojifunga kwa hiari yake

Jean Drapeau alirudi kwenye kiti cha umeya wa Montréal 1960 akiwa na ahadi ya metro. Alikuwa ameiona ya Paris, na wahandisi wa Paris waliitwa kushauri. Ujenzi ulianza Mei 1962. Tofauti na Paris, Montréal haikuwa na handaki la zamani la kurekebisha. Ilikuwa na mwamba mtupu, na uhuru wa kuanza na tairi kisha kuchimba kila kitu kulingana nalo.

Matokeo yake unayaona ukichora mstari wa handaki ubavuni. Handaki halilali sawasawa. Linashuka likitoka stesheni, linafika chini katikati ya safari, kisha linapanda kuifikia stesheni inayofuata, kama waya wa umeme unaoning'inia kati ya nguzo mbili. Treni ikiondoka, mteremko unaisukuma. Ikikaribia kusimama, mwinuko unaipunguza mwendo bure, na breki zinapumzika. Baadhi ya miinuko hiyo inafika asilimia 6.5. Kwa chuma ingekuwa ni kujitafutia balaa, lakini kwa mpira juu ya zege kavu ni jambo la kila siku. Umeme ambao tairi linaupoteza kwa kulala na kuinuka, mhandisi amejitahidi kuurudisha sehemu kwa kuchora mteremko. Mimi naona huu ni usanifu wa hali ya juu, na unaushangaa zaidi ukijua kwamba abiria hauoni kamwe.

Neno "kavu" hapo juu ni zito. Mpira ukikuta barafu hauna ujanja, na Montréal majira ya baridi hushuka chini ya nyuzi 20 hasi, theluji ikirundikana mitaani. Sapporo ya Japani, yenye theluji vile vile, iliyafunika mabanda marefu ya alumini yale maeneo ambayo treni yake ya matairi hutoka nje. Montréal ilikwenda mbali zaidi: metro yote, njia na karakana za kulala treni, ikawekwa chini ya paa au chini ya ardhi. Treni haioni mvua, haioni chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji, haioni kutu inayokula magari ya mji ule.

Kwa hiyo MR-63 ilizeeka polepole mno. Mabehewa 369 yalijengwa na Canadian Vickers, kiwanda kilichozoea meli, kwa kufuata mfano wa treni ya Paris iitwayo MP 59, sura yake ikichorwa na ofisi ya Jacques Guillon: rangi ya buluu, mstari mweupe, na umbo lisilo na madoido ambalo halikuchakaa machoni. Ni jembamba, upana wa mita 2.5, kwa sababu njia zote mbili zilipitishwa ndani ya handaki moja na kila sentimita ya mwamba ilikuwa na gharama. Moto uliofuata mgongano wa Desemba 1971 karibu na stesheni ya Henri-Bourassa uliua dereva na kuteketeza mabehewa 24. Mwingine wa Januari 1974 ukachukua 9. Mabehewa 336 yaliyosalia yaliendelea, yakakarabatiwa miaka ya 1990, na safari ya mwisho ikafanyika tarehe 21 Juni 2018. Miaka 51 na ushei ya kubeba abiria! Duniani kuna treni chache za mjini zilizofika umri huo zikiwa kazini.

Udongo na mawe ya mahandaki nayo hayakutupwa. Yalimwagwa mtoni Saint-Laurent kupanua kisiwa cha Sainte-Hélène na kuumba kingine kipya, Notre-Dame, na juu yake yakafanyika maonyesho ya dunia ya 1967, Expo 67. Laini ya njano ilifunguliwa Aprili mwaka huo kuwavusha wageni chini ya mto. Kwenye maonyesho hayo Afrika ilikuwa na eneo lake la pamoja, na Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zilikuwamo. Kwa maana hiyo baadhi ya watu wetu wa kwanza kupanda treni ya matairi ya Montréal walikuwa wanakwenda kusimama kwenye banda la nchi zao, juu ya ardhi iliyotoka kwenye handaki hilo hilo.

Gharama ya ndoa

Joto sasa. Katika mji wa theluji, mtu angetarajia stesheni ziwe baridi. Ni kinyume. Matairi, mota na breki hutoa joto jingi kiasi kwamba handaki linakaa na uvuguvugu hata Januari, na Julai ni jiko. Mabehewa hayana kiyoyozi, hata yale mapya, kwa sababu kiyoyozi huliondoa joto ndani ya behewa na kulimwaga nje, na nje ni handaki lile lile. Hewa nayo inasukumwa na treni kama pistoni. Milango ya stesheni ilitundikwa kwenye mhimili wa katikati badala ya bawaba za pembeni ili upepo usiizuie kufunguka, na bado mtu mzima anahitaji bega.

Gharama nyingine ilijitokeza mezani, kwenye zabuni. Ulipofika wakati wa kumtafutia MR-63 mrithi, viwanda vyenye uzoefu na treni za matairi vilikuwa vya kuhesabika. Kampuni za Zhuzhou ya China na CAF ya Hispania zilitaka kuingia, mvutano ukawa mkubwa, na Oktoba 2010 bunge la jimbo la Québec likapitisha sheria kuwapa kazi Bombardier na Alstom: mabehewa 468 kwa dola za Kanada bilioni 1.2. Treni hiyo, Azur, ilianza kubeba abiria Februari 2016. Mabehewa yake yameunganishwa bila milango kati, mtu anaweza kutembea kutoka mwanzo hadi mwisho. Mji ulionunua tairi 1966 ulikuwa umenunua pia orodha fupi ya wauzaji wa nusu karne baadaye.

Kati ya MR-63 na Azur ipo MR-73, ya 1976, inayofanya kazi hadi leo. Inapoondoka stesheni, kifaa kinachodhibiti umeme wa mota hutoa noti tatu zinazopanda, mlio ambao haukupangwa na mtu. Wakazi waliupenda mno hata noti hizo zikafanywa kuwa kengele ya kufunga milango.

Mwaka 2023 Montréal ilifungua mfumo mwingine wa treni, REM, usio na dereva, unaotoka nje hadi vitongojini na kupita juu ya mto kwenye theluji. Huo ni wa magurudumu ya chuma. Lakini chini ya mashariki ya mji, laini ya buluu ya metro inarefushwa kwa stesheni tano kuelekea Anjou, na handaki lake linachimbwa kupokea treni ya mpira: barabara mbili za zege, reli mbili katikati, na mihimili miwili ya volti 750 pembeni.